Nukta Niliyoifuta Kapalamsenga

Neema, binti aliyeachiwa meza yangu ya takwimu pale idara ya kilimo, ameniomba niwaandikie nyie vijana wa kitengo kurasa chache za uzoefu. Alidhani nitamaliza kwa siku moja. Hii ni mara ya nne naanza. Nyumba yangu hapa Nsemulwa, Mpanda mjini, ina hatua kumi na nane kutoka mlango wa mbele hadi jikoni nyuma. Nimezihesabu, kwa sababu kila nikiandika sentensi mbili nainuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haipo motoni. Mume wangu ameniambia nistaafu kama watu au nirudi kazini, nyumba haina nafasi ya mtu wa katikati.

Ya vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vyangu vilikuwa vya kuhamishwa kutoka meza ya dirishani kwenda meza ya ukutani, na mishahara mnaijua. Nitaandika kuhusu kamba, kadi, na namba moja ambayo ofisi nzima iliipenda kuliko ilivyostahili. Humo ndani yumo mtu mmoja niliyemkosea. Nikimruka yeye, haya mengine yote ni porojo.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, na mama yangu alikuwa amenishonea sketi ya ofisini. Mzee Kasanda, mtakwimu wa kilimo aliyekuwa ananisubiri, aliniangalia kuanzia chini kwenda juu.

"Binti, hivyo viatu vinakwenda shamba gani?"

Nikamjibu kwamba nilielezwa kazi ni ya takwimu. Akanipa kamba, vijiti vinne, mizani ya kuning'iniza na mfuko wa nailoni. Akasema, "Takwimu ndizo hizi. Za ofisini ni kivuli chake." Jioni ile nilirudi nyumbani pekupeku, viatu mkononi.

Kwa wale mliozaliwa na vishikwambi mkononi, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unafika shambani kabla mkulima hajavuna. Unatega mraba kwa kamba, mita tano kwa mita tano, unavuna kila hindi lililomo, lile zuri na lile lililoliwa na panya, unapukuchua, unaanika, unapima. Halafu unapiga hesabu ya ekari nzima. Kazi ngumu si kupima. Kazi ngumu ni kuchagua mahali pa kutega mraba. Mkulima yeyote atakupeleka kwenye mahindi yake mazuri, kama anavyompeleka mgeni sebuleni na si jikoni. Kwa hiyo Mzee Kasanda alikuwa na karatasi ya namba za bahati nasibu, anasoma mbili, anatembea hatua hizo kutoka kwenye kona ya shamba na kuangusha kijiti hapo hapo alipofika. Kama ni kwenye kichuguu, basi ni kichuguu. Mara moja hatua zilituishia kwenye kaburi. Mzee alimwomba mwenye shamba radhi, akasoma namba nyingine, na daftarini akaandika sababu.

Alikuwa Mkonongo wa maneno machache, Mkristo wa misa ya kwanza, na hakupenda mtu anayeandika namba kwa kalamu kabla ya penseli. Nilimwogopa mwaka mzima. Mwaka wa pili nilianza kumpenda.

Mzee Kasanda alikuwa na kadi. Ilikuwa kipande cha kalenda kuukuu, ukubwa wa kiganja, na nyuma yake ameandika kwa penseli: mvua ya msimu ikiwa kiasi hiki, mahindi yatakuwa kama gunia hizi kwa ekari. Mistari kumi na mbili tu. Aliikusanya kwa miaka yake yote ya kutembea na ile kamba. Chini kabisa kulikuwa na sentensi moja: "Shamba likikataa kadi, nenda kaangalie." Alikuwa akimaliza kupima anaitoa mfukoni, analinganisha. Namba zikikaribiana anairudisha. Zikiachana, tunapanda tena baiskeli kurudi kule kule tulikotoka, na mimi nalaani kimoyomoyo. Kila tuliporudi tulikuta sababu. Mara viwavi, mara mbegu ya kuazima, mara mwenye shamba aliugua wakati wa palizi.

Alipostaafu alinipa kadi ile. Niliiona ni hazina, nikataka kila bwana shamba na bibi shamba wa kata awe nayo. Nikaichapa vizuri, nikafanya nakala, mbili kwa karatasi moja ili nibane matumizi. Ile sentensi ya mwisho ilikuwa inaangukia ukurasa wa pili. Nikaikata. Sikufikiria hata dakika moja, nilitaka ienee nusu karatasi. Nikazigawa kwenye kikao, watu wakapiga makofi, na wengine wakaenda kuziwekea nailoni zisilowe.

Nimeinuka, nimerudi. Hakuna sufuria.

Miaka ikapita, kompyuta zikaja, nikapelekwa mafunzo. Huko ndiko nilikofundishwa kupitisha mstari kwenye nukta. Neema anasema hata leo wapo kati yenu wanaoinukuu R-skwea kama wanavyonukuu namba ya simu, bila kujua inasema nini. Nitaeleza mara moja. Unachora grafu: chini unaweka mvua, pembeni unaweka gunia kwa ekari. Kila kijiji kinakuwa nukta moja. Kompyuta inapitisha mstari ulionyooka unaojitahidi kuwa karibu na nukta zote. Umbali wa nukta kwenda juu au chini mpaka kwenye mstari tunauita baki. R-skwea inakuambia kwamba, katika tofauti zote za mavuno kati ya kijiji na kijiji, ni sehemu gani mstari wako umeweza kuieleza. Ikiwa karibu na moja, nukta zimelala juu ya mstari. Ikiwa karibu na sifuri, zimetawanyika, na mstari haujui kitu. Basi, ndiyo kazi yake yote. Haikuambii kama nukta zenyewe ni za kweli. Haikuambii kama mstari ulipaswa kunyooka au kupinda. Na haikuambii nani atalala na njaa ukikosea.

Mimi mafunzoni nilisikia ile sehemu ya kwanza tu.

Niliporudi nilijaza namba za vijiji vyetu vyote, mvua na mavuno, nikabonyeza. R-skwea ikatoka themanini na kitu kwa mia. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba kwa kilimo cha mvua, ukipata nusu ushukuru. Nilipaswa kushtuka hapo. Badala yake nilijiona hodari. Mkuu wa idara akaja kusimama nyuma ya kiti changu, akaangalia zile nukta zilivyojipanga, akasema sasa tutakuwa tunajua mavuno kabla ya kuvuna. Tangu siku ile wakaniita Mama Takwimu. Makadirio ya nani ana chakula na nani hana yakaanza kutoka kwenye mstari wangu.

Nukta moja tu ilikuwa inanikera. Ilikuwa mbali kulia, kwenye mvua nyingi, lakini imeanguka chini kabisa, peke yake. Ilikuwa Kapalamsenga, kule ziwani. Aliyeileta alikuwa Bwana Ezekieli Bukuru, bwana shamba aliyehamia pale si muda mrefu. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi na kuishi kwenye makazi ya wakimbizi. Yeye alikulia huku, akasomea huku, na uraia alikuwa nao miaka mingi. Kwenye kikao cha kugawa kadi hakuwepo, alikuwa hajaajiriwa. Nilimpigia simu.

"Bwana Bukuru, habari za ziwani?"

"Salama, Mama. Poleni na kazi."

"Hii namba ya mahindi umeipata wapi?"

"Shambani, Mama."

"Mvua kwenu imezidi kata zote. Mavuno hayawezi kuwa haya."

"Mvua ipo, Mama. Ndiyo shida yenyewe. Ziwa limepanda, mashamba ya chini yote yamelala kwenye maji. Mahindi yameoza yamesimama."

"Pima tena."

Akapima tena, kwenye mraba mwingine. Namba ikatofautiana kidogo sana na ya kwanza. Nikamwambia pima tena. Ya tatu ilikuwa vile vile. Aliponipigia safari hiyo sauti yake ilikuwa imechoka, lakini ya heshima.

"Nimepima, Mama. Nipime tena?"

"Acha," nikamwambia.

Nilikata simu, nikaenda kwenye jedwali, nikaifuta Kapalamsenga. Kompyuta haikuuliza. R-skwea ikapanda mpaka tisini na nne kwa mia. Nikachapa grafu kwa rangi, nikaibandika ukutani, nikaenda kunywa chai. Kwenye chai nilikula chapati mbili, nakumbuka, kwa sababu nilikuwa na furaha.

Mstari ukaendelea kufanya kazi yake. Ulisema kwamba kwa mvua ile Kapalamsenga wana ziada, basi kwenye orodha ya kupelekewa mahindi ya msaada na mbegu hawakuwemo. Bwana Bukuru akaandika barua kulalamika. Kikaitwa kikao. Mkuu wa idara akaweka grafu yangu mezani, akasema huyu mtu anaandika njaa ili wenzake waletewe mahindi. Mwingine akadakia, "Hawa wa makazi tunawajua." Mimi babu yangu alikuja Mpanda kufuata kazi ya mgodi, na maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu ni wapi. Nilinyamaza. Waliponiomba niandike maelezo ya kitaalamu, niliandika kwamba namba za Kapalamsenga haziendani na mwenendo wa mkoa. Ilikuwa kweli kabisa, na ilitumika kumpa Bwana Bukuru barua ya onyo kwa kutoa takwimu za uongo. Maelezo yangu yalibanwa kwa pini nyuma ya barua hiyo, yenye sahihi yangu.

Jambo la kata ya Magamba lilitokea msimu uliofuata, mwezi wa tatu, mahindi yakiwa bado mabichi. Bwana shamba wa kule, Sospeter, alikuwa amevunjika mguu kwa pikipiki, nikaenda kumjulia hali na kuchukua daftari lake la mvua. Sospeter ni mtu wa kucheka. Nilimkuta barazani, mguu kwenye kigoda, anasikiliza redio. Njiani nilikuwa nimepita kwenye shamba lake, kuna wanawake sita wanapalilia kwa kibarua, watoto wao wamekaa kwenye kanga pembeni.

"Chukua na fomu ya mavuno kabisa, Mama," akaniambia. "Usije ukarudi tena kwa tope hili."

"Fomu ya mavuno ya mwaka jana?"

"Ya mwaka huu."

"Sospeter, mahindi hayajakomaa."

Akacheka. Akaonyesha ukutani, juu ya redio, kadi ya Mzee Kasanda ndani ya nailoni yake, ile niliyochapa mimi. "Mvua mpaka sasa imefika hapa, na Aprili huwa inaongeza hivi. Unashuka na mstari, unapata gunia. Mama, kadi yako imetusaidia sana. Zamani tulikuwa tunavuka mito na kamba shingoni. Sasa hivi hakuna anayepima, labda yule wa ziwani."

Nikamuuliza, "Hakuna nani?"

"Wote, Mama. Si ulitugawia?"

Nilikaa chini kwenye ngazi. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa naona ile grafu ukutani kwangu, nukta zote zimejipanga kwa adabu, na sasa nilijua kwa nini. Hazikuwa mavuno. Zilikuwa kadi. Wao walichukua mvua wakaigeuza kuwa gunia kwa kadi yangu, mimi nikachukua gunia zao nikazipambanisha na mvua ile ile, kisha nikashangaa jinsi zinavyoelewana. Ile themanini na kitu ilikuwa inapima utii wa mabwana shamba wangu. Na nukta moja iliyopimwa kwa kamba ndiyo niliyoifuta.

Wakati wa kurudi nilisimama kwenye lile shamba, nikawasalimia wale wanawake. Nikawauliza nyie wa wapi.

"Kapalamsenga," mmoja akajibu, bila kuacha kupalilia. "Ziwa limekula mashamba. Tumekuja kutafuta chakula."

"Msaada haukufika?"

"Tuliambiwa bwana shamba wetu hakuandika vizuri."

Nikamwambia pole. Hilo ndilo nililoliweza siku ile. Nilipanda pikipiki nikarudi Mpanda mjini.

Hapa ndipo kila mara nachana karatasi. Najua mngependa kusikia kwamba kesho yake niliingia kwa mkuu wa idara nikasema yote. Sikusema. Nilifanya nusu. Nilizunguka kata zote nikakusanya kadi, nikazichoma nyuma ya ofisi. Nikaamuru kila fomu ije na uzito wa mraba na jina la mwenye shamba. Msimu wa kwanza wa namba za kweli, R-skwea iliporomoka hata nusu haikufika. Mkuu wa idara akaniambia, "Mama Takwimu, umeiharibu modeli." Nikamweleza kwamba namba zimeboreshwa. Akasema mbona zilizoboreshwa zinafanana na za ovyo.

Hata hivyo zile nukta za ovyo zilinifundisha kitu, nanyi kichukueni. Nilichora mabaki peke yake, mvua chini, baki pembeni. Kwenye mvua chache mabaki yalikuwa chini, kwenye mvua ya wastani yakawa juu, na kwenye mvua nyingi yakaanguka tena chini. Upinde mtupu. Mahindi yanapenda maji mpaka mahali fulani, baada ya hapo yanazama, jambo ambalo kila mwanamke mwenye jembe anajua na mimi nilihitaji kompyuta. Mkiona mabaki yanakaa kwa mpangilio, mstari ulionyooka umekosea, hata kama R-skwea inang'aa. Na mkiona nukta moja imekaa mbali na wenzake, msiiguse kabla hamjaenda kuiona kwa macho. Ile sentensi niliyoikata ilikuwa na maneno matano tu, na mimi niliona inamaliza karatasi.

Lakini kuhusu Bwana Bukuru sikufungua mdomo. Niliogopa. Nimetafuta neno zuri zaidi, sijalipata. Kusema namba yake ilikuwa kweli ilikuwa sawa na kusema kwamba kijiji kililala njaa kwa mkono wangu, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Yeye alibaki kule kule. Kazi yake aliifanya. Ila tangu mwaka ule, kila fomu iliyotoka Kapalamsenga ilikuja na vipimo vitatu kwa kila shamba, hata nilipoandika kwa herufi kubwa kwamba kimoja kinatosha. Miaka yote, vitatu vitatu. Nilikuwa nikiifungua bahasha yake naona zile safu tatu, naifunika haraka.

Siku ya kuniaga walipika pilau, wakasema maneno mazuri, kisha wakanipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Ilikuwa ile grafu ya rangi. Mtu aliikuta kabatini, wakaiwekea fremu ya kioo. Tisini na nne kwa mia, imeandikwa pale juu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga nao. Nilipofika nyumbani mume wangu akachukua misumari aitundike sebuleni. Nikamwambia ukuta huo una unyevu. Ikakaa nyuma ya kabati, na hapo ndipo nilipoanza kuhesabu hatua za nyumba hii.

Niliishi nayo wiki tatu. Ya nne nikaandika barua, kurasa mbili, nimetaja kadi, nimetaja sentensi niliyoikata, nimetaja simu tatu na nukta niliyoifuta. Neema aliichapa. Alipofika katikati aliacha kuchapa, akaniuliza, "Mama, una uhakika?" Nikamwambia achape. Mkuu wa sasa ni kijana, hakuwepo enzi hizo. Aliisoma mbele yangu.

"Mama, haya ni ya zamani."

"Mwenyewe anastaafu mwakani. Atatoka na ile barua kwenye faili lake."

Akafikiri. Akasema kuitoa barua ya onyo si uwezo wake peke yake, itachukua muda, lakini kuweka ya kwangu juu yake anaweza leo. Akaiweka, nikaangalia kwa macho yangu, akagonga mhuri kwenye nakala yangu. Asubuhi iliyofuata nikapanda gari la kwenda ziwani.

Nilimkuta Bwana Bukuru kwenye shamba la jirani yake, upande wa juu, ambako kijiji kimehamishia mahindi. Amekuwa na mvi, mgongo umeinama kidogo, kamba ni ya katani kama ya Mzee Kasanda. Aliponiona alivua kofia. Alidhani nimekuja kukagua.

"Karibu, Mama. Hatukupata taarifa."

"Nimestaafu, Bwana Bukuru. Nimekuja kwako."

Nikampa nakala. Aliisoma amesimama, taratibu, midomo inachezacheza, akaisoma tena kuanzia mwanzo. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yote yakapotea, nikabaki na moja.

"Nisamehe."

Alikunja karatasi vizuri, akasema, "Wale wa kule chini, watasomewa?"

Sikumwelewa.

"Huko ofisini barua ilikuwa moja, Mama. Hapa kijijini waliniambia niliandika vibaya wakalala njaa. Kuna mzee alikufa mwaka ule, watoto wake mpaka leo hawanisalimii. Faili hawalioni. Wataona nini?"

Safari nzima, faili na mhuri, na hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia nitawasomea mimi mwenyewe. Akasema mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi. Nililala kwake siku mbili, mkewe akanipa chumba cha mabinti, na Jumamosi nilisimama mbele ya watu nikasoma kurasa zote mbili. Niliyoambiwa pale nilistahili, na ni yao, sitayaandika hapa. Mmoja wa watoto wa yule mzee alivuka uwanja kwenda kumpa Bwana Bukuru mkono. Mwingine aliondoka.

Lakini mimi akili yangu inarudi kwenye Alhamisi. Baada ya kuweka barua mfukoni alininyooshea ncha ya kamba.

"Shika hapo, Mama. Jua linapanda."

Nikashika. Akasoma namba zake mbili, tukahesabu hatua, tukatega mraba pale zilipotufikisha, kwenye mahindi membamba ambayo mwenye shamba asingemwonyesha mgeni. Tukavuna. Viatu vyangu safari hii vilikuwa vya shamba. Kwa vile si rahisi kukaa kungoja mahindi yakauke, alipima yale yaliyokuwa yameshakauka ya shamba la juzi. Mimi nikashika daftari, penseli kwanza. Akaning'iniza mfuko kwenye mizani, akangoja utulie, akasoma.

Namba ilikuwa ndogo. Mvua mwaka huu imekuwa nzuri, na mimi kichwani nilikuwa nimeshapitisha mstari wangu. Nadhani uso wangu ulionyesha, maana alianza kuushusha mfuko kwenye ndoano.

"Nipime tena, Mama?"

"Hapana, Bwana Bukuru."

Alibaki ameushika ule mfuko, ananiangalia kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Nikaandika namba yake, mara moja tu, nikamgeuzia daftari aone.